Volti Tano Zimeliwa na Nani? Kusaka Hitilafu kwenye Transista Inayoendesha Rilei

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Leo umeleta nini?"

"Rilei haigongi. Nimeshabadilisha transista tatu."

Akaniwekea mezani kibao kidogo alichokilehemu mwenyewe. Ni kijana wa chuo, mwaka wa pili, na alikuwa ametengeneza kifaa cha kuwasha pampu ya nyumbani kwao kila maji yanapopungua kwenye tangi la juu. Ndani yake kuna bodi ya ESP8266 (kompyuta ndogo inayotoa amri), rilei ya bluu ya volti 5 (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ya aina ile iliyojaa kwenye maduka ya vifaa Kariakoo, transista BC547, dayodi 1N4007, na rezista moja ya kupunguza mkondo unaoingia kwenye beisi, mguu wa transista unaopokea amri. Kwenye ubao wa majaribio kifaa kilifanya kazi wiki nzima bila tatizo. Alipokihamishia kwenye kibao cha kudumu, kikagoma.

Nikamuuliza mita imesema nini. Akanyamaza. Mita anayo, tena nzuri, ilikuwa ndani ya begi lake. Hakuitoa kwa sababu hakujua aipime wapi na akipata namba imwambie nini.

Nimeona jambo hili mara nyingi mno. Saketi ya transista na rilei ina vifaa vinne au vitano tu, kwa hiyo mtu anaona ni haraka zaidi kubadilisha kimoja kimoja mpaka ikubali. Transista yenyewe ni bei ya pipi. Lakini ukibadilisha bila kupima hujifunzi kitu. Ikikubali, hujui kilichokuwa kimeharibika ni kipi. Ikikataa, watuhumiwa wako bado ni walewale. Kijana huyu alikuwa amechoma transista moja na kuzitupa mbili nzima, na hitilafu yenyewe haikuwa kwenye transista hata kidogo.

Tuanze na kazi ya saketi hii. Koili ya rilei ile, yaani waya uliozungushwa ndani yake, ina ukinzani wa karibu ohmu 70. Ukiipa volti 5 inavuta kiasi cha miliampea 71. Pini ya ESP8266, mguu wake wa kutolea amri, imeruhusiwa kutoa miliampea 12 tu, na hata pini ya bodi ya Arduino Uno, yenye nguvu zaidi, haitakiwi kuzidishwa miliampea 20 kwa kazi ya kawaida. Kwa hiyo pini haiwezi kuivuta koili yenyewe. Inachoweza ni kutoa mkondo mdogo uingie kwenye beisi ya transista, na transista iruhusu mkondo mkubwa upite kwenye miguu yake mingine miwili, kutoka kolekta kwenda emita. Koili inakaa kati ya chanya na kolekta, na emita inakwenda hasi. Pini ikitoa umeme, transista inafungua njia, koili inakuwa sumaku, kisahani cha chuma kinavutwa, unasikia "tak".

Sasa shika jambo moja, maana mengine yote yanaliegemea. Kutoka chanya hadi hasi, umeme unapita kwenye koili kwanza, kisha kwenye transista, hakuna njia nyingine. Volti 5 za chaja lazima zigawanywe kati ya hao wawili. Kila volti inayobaki juu ya transista ni volti ambayo koili imeikosa. Transista iliyofunguka kabisa inabakiza kidogo sana, 0.2 hivi, na koili inapata 4.8. Transista iliyofungwa inazishika zote 5 na koili inaambulia sifuri. Ukiona namba iliyo katikati, kuna mtu anakula volti zisizo zake. Kazi ya fundi ni kumtafuta huyo.

Kabla ya kugusa chochote nilichomoa nyaya za pampu kwenye rilei. Hili silifanyii mzaha. Kwenye rilei ndogo kama ile, umeme wa 230 upo milimita chache tu kutoka kwenye miguu ya koili, na mtu anayetafuta volti 5 kwa ncha ya mita anaweza kuteleza akazipata zile nyingine. Hitilafu ya transista hutafutwa pampu ikiwa haimo kabisa kwenye saketi.

Tukawasha. Nikamwambia kijana aweke programu ya kuwasha pini iache ikiwa imewaka moja kwa moja, isiwe ya kuwaka na kuzima, kwa sababu mita haipendi kukimbizwa. Kwenye chaja, ncha nyeusi kwenye hasi na nyekundu kwenye chanya, tukapata 4.9. Sawa, chanzo kizima. Tukapima kwenye miguu miwili ya koili: 2.8. Kati ya kolekta na emita: 2.1.

"Jumlisha," nikamwambia. Akajumlisha akapata 4.9, akacheka.

Ukiijua namba hiyo, hadithi imeshasimuliwa nusu. Rilei ya aina ile inahitaji asilimia 75 ya volti zake ili ivute, yaani 3.75. Kwa 2.8 sumaku ipo, ila haina nguvu za kukishinda kispringi. Transista nayo haijaungua: inapitisha umeme. Imefunguka nusu tu, kama bomba lililofunguliwa nusu. Nikamwambia aiguse kwa kidole. Ilikuwa ya uvuguvugu. Swichi nzuri haipati joto kwa mzigo mdogo hivi. Transista inayopata joto huku rilei imekaa kimya inakuambia yenyewe kwamba inakula sehemu ya koili.

Kwa nini imefunguka nusu? Hapo ndipo tunaingia kwenye beisi. Rezista ya kijana ilikuwa na rangi kahawia, nyeusi, machungwa: kilohmu 10. Pini ya ESP8266 inatoa volti 3.3. Beisi na emita, kwa transista yoyote ya silikoni, hujichukulia 0.7 hivi. Zinabaki 2.6 juu ya rezista. Gawanya kwa ohmu 10,000: miliampea 0.26. Hizo ndizo transista inazopata kufanyia kazi. Na mkondo wa koili tunaweza kuupata bila kukata waya wowote: 2.8 kwa ohmu 70 ni miliampea 40. Kwa hiyo transista yake ilikuza mkondo kama mara 154. Imejitahidi sana, masikini. Tulichoitaka ni mara 270 na zaidi.

"Lakini kwenye ubao wa majaribio ilifanya kazi," akasema. "Rezista ni ileile."

Swali zuri, na jibu lake limeandikwa kwenye tumbo la transista. BC547 zina herufi mwishoni. Yenye A hukuza kati ya mara 110 na 220, yenye B kati ya 200 na 450, yenye C kati ya 420 na 800. Ile ya kwanza, aliyoichoma, alikuwa bado nayo mfukoni: BC547C. Zile alizonunua baadaye zote zilikuwa na A. Kwa muuza duka ni BC547 tu, anatoa iliyo juu kwenye kopo. Kwenye saketi ya kijana, C yenye uwezo wa mara 450 ingeruhusu miliampea zaidi ya 110, koili ingejaa na kusaza. Yenye A haifiki. Alikuwa amejenga kifaa kinachotegemea bahati ya kopo la dukani.

Ndiyo maana mafundi hawapigi hesabu ya swichi kwa ukuzaji ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Ukuzaji huo ni wa transista inayofanya kazi ya kukuza sauti, ikiwa imefunguka nusu. Ukitaka ifunguke kabisa, mpe beisi moja ya kumi mpaka moja ya ishirini ya mkondo wa koili, na ukubali kwamba sehemu kubwa ya huo ni ziada. Kwa miliampea 71 maana yake ni kati ya 3.5 na 7 kwenye beisi. Volti 2.6 kwa ohmu 470 ni miliampea 5.5, iko katikati na haimwelemei ESP8266. Tukaondoa ile rezista ya kilohmu 10, tukalehemu ya ohmu 470. Tak. Kolekta hadi emita ikasoma 0.17. Koili ikapata 4.7. Transista ileile aliyotaka kuitupa.

Rezista ya kilohmu 1 inayoonekana kwenye michoro mingi ni nzuri kwa bodi ya volti 5, maana inatoa miliampea 4.3. Kwa bodi ya 3.3 inatoa 2.6, itafanya kazi kwa transista nyingi, lakini mimi sipendi kulala huku nikijua kifaa cha mteja kiko ukingoni. Kadhalika BC547 yenyewe: mwisho wake ni miliampea 100, na kuiendesha kwa 71 siku nzima ni kuitumia kama bodaboda iliyopakia watu wanne. BC337 ina miguu ileile, bei ileile, na inastahimili miliampea 800. Ukiwa dukani, chukua hiyo.

Nilimuuliza kuhusu ile C iliyoungua. Ilibidi tujue, kwa sababu transista haifi kwa uzee. Akakumbuka kwamba alipolehemu mara ya kwanza dayodi aliigeuza, akaona moshi kidogo, akaigeuza upya na kununua transista nyingine. Kumbe hitilafu zilikuwa mbili, moja imepanda juu ya nyingine. Alirekebisha ya dayodi na wakati huohuo akaingiza ya herufi A bila kujua.

Dayodi hii inasumbua wengi kwa sababu inaonekana haina kazi. Rilei inagonga bila yake, kwa nini iwepo? Fikiria daladala iliyojaa, watu wamesimama mpaka mlangoni. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linasimama lakini abiria hawasimami, wanamiminika mbele. Mkondo ndani ya koili ni abiria hao. Transista ikifunga njia ghafla, mkondo hautaki kukoma, na koili inapandisha volti zake yenyewe kuusukuma upite popote. Volti za kolekta zinaweza kuruka hadi makumi, hata mamia, kwa muda mfupi sana. BC547 imetengenezwa kuvumilia 45. Dayodi inawapa abiria mahali pa kwenda: mkondo unazunguka kati yake na koili mpaka ujiishie.

Bila dayodi, saketi haifi siku ya kwanza. Hiyo ndiyo hila yake. Itagonga leo, kesho, pengine mwezi mzima, kila kuzima kunaidonoa transista kidogo, halafu siku moja kolekta na emita zinashikana na rilei inakataa kuachia. Dalili nyingine ni bodi kujizima na kuanza upya kila rilei inapoachia. Mteja akikuambia "inajiresti yenyewe", angalia dayodi kabla hujaanza kuilaumu programu.

Upande wa dayodi: mstari mweupe uende kwenye chanya. Katika hali hiyo haipitishi kitu mpaka rilei inapoachia. Ukiigeuza, transista inapofunguka mkondo unaikwepa koili na kupita kwenye dayodi, ambayo haina ukinzani wa maana. Mita inaonyesha jambo hili waziwazi: ukipima koili ukapata 0.7, au 0.8, hiyo si koili inayosoma, ni dayodi. Zima hapohapo. Kwa kijana wetu, koili ilikuwa na 0.7, transista ikabeba volti nne na ushee, na C yake yenye ukuzaji mkubwa ikapitisha zaidi ya miliampea 100. Zidisha, unapata karibu nusu wati, ambao ndio mwisho wa BC547. Hapo ndipo moshi ulipotoka. Angekuwa na yenye A ingepitisha kidogo, ingepata joto tu na asingegundua mpaka kesho yake.

Kabla hajaondoka nilimwonyesha njia ya mkato ninayoitumia mteja akiwa amesimama juu yangu. Unachukua kipande cha waya. Kwanza unaunganisha kolekta na emita kwa sekunde moja. Unakuwa umeiruka transista: rilei ikigonga, basi koili ni nzima, chaja ni nzima, nyaya za upande huo ni nzima, na ugonjwa uko kwenye transista au nyuma yake. Isipogonga, acha kuisumbua transista, rudi kwenye koili na chanzo. Hakikisha tu dayodi haijageuzwa, maana waya huo utaipiga shoti chaja. Halafu, rilei ikiwa imewashwa na pini, unaunganisha beisi na emita. Unakuwa umeinyima beisi chakula, haraka rilei iachie. Isipoachia, transista imeungua kwa kushikana, au miguu imekosewa. Sekunde mbili, waya mmoja, na nusu ya watuhumiwa wameachiwa huru.

Kuhusu miguu, hapa kuna mtego wa kimataifa. Ukiishika BC547 uso bapa ukikutazama, kushoto ni kolekta, katikati beisi, kulia emita. 2N3904 na S8050, zenye umbo lilelile kabisa, ni kinyume: emita, beisi, kolekta. Mtu anachukua mchoro wa moja na kuweka nyingine kwa kuwa "zinafanana". Transista iliyogeuzwa haikatai kabisa, inakuza mara chache mno, kwa hiyo unapata dalili zilezile za kufunguka nusu, na unaweza kuhangaika na rezista ya beisi mpaka usiku. Mita yenye alama ya dayodi inamaliza ubishi. Kwa transista ya NPN, aina ya hizi tulizozitaja, ikiwa imeng'olewa, ncha nyekundu ikae kwenye beisi, nyeusi iguse mguu mmoja kisha mwingine. Yote miwili itasoma kati ya 0.6 na 0.7, ila mmoja utazidi kidogo, pengine kwa tarakimu ya tatu tu. Uliozidi ni emita. Kolekta na emita zenyewe kwa zenyewe hazitakiwi kusoma chochote, kokote utakakoweka ncha.

Kuna hitilafu nyingine ambapo mita inayadanganya macho. Mtu ana rilei ya volti 12, adapta yake ya 12, na bodi inayolishwa na chaja ya simu. Pini inasoma 3.3 vizuri, adapta inasoma 12, transista mpya, rezista sahihi, na rilei imelala. Pima kutoka emita hadi beisi: sifuri. Inakuwaje pini iwe na 3.3 na beisi iwe na sifuri? Kwa sababu hasi ya chaja na hasi ya adapta hazijaunganishwa. Mkondo wa beisi ukitoka kwenye pini lazima urudi kwenye bodi uliyotoka, na hakuna njia ya kurudi. Waya mmoja kati ya hasi mbili unamaliza. Ni kanuni nzuri kuweka ncha nyeusi ya mita kwenye mguu wa emita wenyewe unapopima beisi, siyo kwenye hasi yoyote iliyo karibu. Ukipima hivyo, waya uliosahaulika hauwezi kujificha.

Wapo pia wanaoihamisha rilei upande wa chini, kati ya emita na hasi, kwa sababu mchoro unapendeza hivyo. Hapo transista haiwezi kufunguka kabisa hata umpe nini. Emita daima inakuwa 0.7 chini ya beisi. Pini ikitoa 3.3, koili itapata 2.6, basi. Rilei ya volti 12 utaitazama tu. Na ndugu yake huyu: anatumia PNP, transista inayofanya kazi kinyume cha NPN, upande wa juu, emita kwenye 12, beisi kwenye pini ya volti 5. Huyu rilei yake inawaka na haizimi milele, maana ili PNP ifunge beisi inatakiwa ipande hadi karibu na 12, na pini haifiki huko. Tena volti zile zinarudi kwenye pini kuitesa. Dawa ni NPN ndogo kuiendesha ile PNP, au kuachana na PNP kabisa na kuweka swichi chini kama watu wengine.

Rilei inayogonga yenyewe bodi inapowaka, au inayotetema kama inasikia baridi: pini nyingi, bodi ikiwa ndiyo kwanza inaamka, hazijawekwa juu wala chini, zinaelea. Beisi inayoelea inaokota kila kelele inayopita. Rezista ya kilohmu 10 kutoka beisi hadi emita inaituliza, na haili mkondo wa kuutilia maanani. Kama kutetema kunakuja tu rilei inapotaka kuvuta, pima chanzo wakati huohuo. Chaja dhaifu inasoma 5 ikiwa imepumzika na kuanguka hadi 3 ikishikwa na koili. Rilei inaachia, chaja inapumua, rilei inavuta tena, na mzunguko unaendelea. Kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na rilei husaidia, chaja bora husaidia zaidi.

Wanaotumia chipu ya ULN2003 badala ya transista moja moja wamepunguza kazi, maana ndani yake zimo saba na dayodi zake, mradi mguu wa dayodi hizo uunganishwe kwenye chanya ya rilei. Lakini kila njia yake ni transista mbili zilizopandana, inakula karibu volti moja. Rilei ya 12 haijali. Rilei ya 5 inabaki na 4, juu kidogo tu ya 3.75 inazohitaji, na chaja ikichoka kidogo umerudi palepale tulipoanza. Na hizi moduli za bluu zilizotengenezwa tayari: nyingi zinawaka pini ikiwa sifuri na kuzima pini ikiwa juu. Nimeletewa moduli nzima kabisa kwa kosa la programu iliyoandikwa kinyume.

Hadi hapa tumeongelea rilei isiyogonga. Kijana wangu aliondoka na inayogonga. Wiki mbili baadaye akarudi, safari hii bila kibao.

"Fundi, tangi limemwagika usiku kucha. Pampu haikuzima."

Nikamuuliza kama aligusa rilei. Alisema aliigonga kwa mpini wa bisibisi, pampu ikazima. Sikuhitaji kupima. Pampu yao ni ya nguvu farasi moja, yaani wati 746 kwenye mhimili, na kwa umeme wetu wa 230 inavuta ampea tano hivi ikiwa imeshakolea. Rilei imeandikwa ampea 10, kwa hiyo kwenye karatasi inatosha na nusu nyingine. Lakini mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta mara tano hadi saba ya hapo, kwa sehemu ya sekunde. Kila inapowaka, cheche ya ampea 25 au 30 inapita kwenye vidole viwili vya chuma visivyozidi kichwa cha kiberiti. Vinayeyuka kidogo, vinapoa, vinayeyuka tena. Siku moja vinapoa vikiwa vimeshikana. Transista inafunga, koili inalala, kispringi kinavuta bure. Ukikigonga, muungano ule mdogo unavunjika.

Upimaji wake ni rahisi kama umeme wa pampu umechomolewa ukutani, siyo umezimwa tu kwa swichi: mita kwenye mlio, ncha moja kwenye mguu wa kati wa upande wa pampu, nyingine kwenye mguu ulio wazi rilei ikiwa imelala. Ikilia huku koili haina volti, vidole vimeungana. Isipolia hata rilei ikigonga, vimeungua, au waya umewekwa kwenye mguu usio wake. Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Tukaweka kontakta, yaani rilei kubwa, ya koili ya volti 230, yenye vidole vinavyofaa mota, na rilei ya bluu ikabaki na kazi ya kuiwasha kontakta tu. Nayo kontakta ina koili, na koili hiyo ina abiria wake kama ile ndogo, ila kwa umeme wa nyumbani dayodi haifai kwa sababu chanya na hasi zinabadilishana. Kwenye vidole vya rilei tukafunga rezista ya ohmu 100 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya daraja la X2, ile iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa ukutani. Kijana akauliza kama kapasita ya kawaida ya volti 50 aliyonayo ingetosha. Nikamwambia aiweke kwenye mfuko uleule wenye ile BC547C iliyoungua, akanunue ya kweli, mimi namsubiri.